Hazina Iliyofichwa Ardhini: Ni Mali ya Nani?

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Ndugu wapendwa, katika semina zetu tumezoea kuzungumzia mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba na haki za wavuvi wadogo. Lakini mintarafu ya ardhi lipo jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha, nalo linavigusa vijiji vyetu pande zote za ziwa. Ni habari ya vitu vya kale vilivyofukiwa ardhini. Nani ana haki ya kuvitafuta? Nani ana haki ya kuvichimba? Na vikipatikana, ni mali ya nani?

Swali hili limezidi kuwa zito kwa sababu ya mashine ya kutambua metali, ambayo vijana huiita ditekta. Baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia katika kazi yao halali. Mtu huipitisha juu ya udongo, nayo hulia inapokuta metali. Si dhambi kuwa na mashine hiyo, kama vile si dhambi kuwa na jembe. Lakini mashine haijui tofauti kati ya punje ya dhahabu, msumari wa juzi, jembe la babu wa babu zetu na bangili aliyozikwa nayo marehemu. Yenyewe hulia tu. Kupambanua ni kazi ya dhamiri ya mtu aliyeishika.

1. Simulizi za mali ya Mjerumani

Hakuna asiyezijua simulizi za mali ya Mjerumani. Husemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza walifukia dhahabu na fedha chini ya majengo yao, chini ya miti mikubwa, hata makaburini. Simulizi hizi zina chanzo. Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza mwezi Julai 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Mwaka huohuo, kule Tabora, utawala wa Kijerumani ulitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Basi dhahabu ilikuwepo kweli, na kukimbia kulikuwepo kweli. Lakini juu ya punje hiyo ya ukweli limejengwa ghorofa la uongo.

Matunda ya uongo huo tunayafahamu. Mtu huja na ramani chakavu, huomba mchango wa kukodi mashine, kisha mchango wa mganga, kisha mchango wa kafara. Mzee huuza ng'ombe, kijana huacha shule ili achimbe usiku. Wengine hudanganywa watafute zebaki nyekundu, kitu ambacho sayansi haijathibitisha kuwa kipo. Mashimo hubomoka na kuua. Sakafu za majengo ya kale huvunjwa. Na lililo baya kupita yote, makaburi hufukuliwa, wakati Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inakataza kuyaingilia, na mila za makabila yetu yote zinalaani tendo hilo.

2. Sheria za nchi zinasema nini

Wako wanaosema: "Shamba ni langu, kwa hiyo kilichomo ni changu." Wengine husema: "Nimeokota, sikuiba." Tuyapime maneno hayo kwa kutenganisha mambo matatu, ambayo watu wengi huyachanganya.

Kwanza, ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi anayo haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo hulindwa. Lakini haki ya kulima haijawa haki ya kila kitu kilichomo chini ya jembe.

Pili, madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayaweka madini mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Mchimbaji mdogo huhitaji leseni. Akiwa nayo anachimba kwa amani, na tangu mwaka 2019, lilipofunguliwa soko la madini Geita na baadaye mengine mikoani, anaweza kuuza dhahabu yake mchana kweupe.

Tatu, mambo ya kale. Hayo yana sheria yake, ambayo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inavitambua kuwa ni vya kale vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, kama vile vyungu, majembe, mapambo na zana za mawe, pamoja na mabaki ya kale ya binadamu na wanyama yaliyogeuka mawe. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kuyatangaza maeneo na majengo ya miaka ya baadaye kuwa ya kulindwa. Sheria inataka mambo makubwa matatu. Mtu asitafute wala kuchimba vitu vya kale bila leseni. Anayevikuta kwa bahati, kwa mfano akichimba msingi, choo au kisima, atoe taarifa kwa viongozi wa utawala au kwa wahusika wa mambo ya kale na makumbusho. Na mtu asiviuze wala kuvipeleka nje ya nchi bila kibali.

Tuangalie vizuri. Sheria haipimi chombo kilichotumika, inapima tendo. Anayetafuta chungu cha kale kwa jembe na anayetafuta bangili ya kale kwa mashine wote wawili wanahitaji leseni. Aidha, leseni ya kuchimba dhahabu haimpi mtu ruhusa ya kuchimba mambo ya kale. Mchimbaji wa Misungwi au Geita akikuta katika shimo lake vyungu na majembe ya kale, hapo amefika kwenye mlango wa sheria nyingine.

3. Mfano wa hazina iliyofichwa shambani

Najua kuna ndugu atakayeniuliza: "Padre, mbona Yesu mwenyewe katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, anamsifu mtu aliyeona hazina shambani, akaificha, akaenda kulinunua shamba lile?" Ni swali zuri. Mfano ule unafundisha thamani ya Ufalme wa Mungu, ambao mtu huacha vyote ili aupate. Haukutolewa uwe sheria ya mashamba. Hata hivyo, tutazame alichofanya mtu yule. Hakuja usiku na taa. Alilinunua shamba.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya wizi, aliutaja mfano huu. Alipambanua aina za vitu vinavyookotwa. Vitu ambavyo havijapata kuwa na mwenyewe, kama lulu za ufukoni, ni vya aliyeviokota. Vitu vilivyopotea karibuni vina mwenyewe, na asiyevirudisha anatenda dhambi, kama Mtakatifu Augustino alivyofundisha kwa ukali. Hazina ya kale isiyo na mwenyewe anayejulikana ina utaratibu wake. Sheria ya serikali ya nyakati zile ilimtaka aliyeiona katika shamba la mtu mwingine ampe mwenye shamba nusu. Ndiyo maana, asema Mtakatifu Tomaso, mtu yule wa Injili alilinunua shamba kwanza, ili apate haki ya hazina yote.

Tunajifunza nini? Kwamba tangu zamani Kanisa limekubali kuwa hazina ya kale haigawanywi kwa nguvu wala kwa ujanja wa aliyewahi. Hugawanywa kwa sheria ya haki, na nchi inayo mamlaka ya kuitunga kwa ajili ya manufaa ya wote. Nchi yetu imetunga yake.

4. Thamani iliyo kubwa kuliko dhahabu

Lakini sheria isiyoeleweka haipendwi. Kwa nini Taifa lijishughulishe na vigae na vyuma vilivyoshika kutu?

Twende ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kijiji cha Katuruka katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Wazee wa Kihaya walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na kazi ya chuma iliyofanyika mahali pale. Mwaka 1970 mtaalamu wa akiolojia, Peter Schmidt, alichimba mahali ambapo wazee walimwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na makaa, mavi ya chuma na vigae. Makaa ndiyo yaliyopimwa na kutoa umri. Uchunguzi huo na mwingine uliofuata ulionyesha kwamba wahenga wa Buhaya walikuwa mafundi stadi wa kuyeyusha chuma, karne nyingi kabla meli ya mgeni yeyote haijaonekana ziwani.

Sasa fikirini: kama mtu mwenye mashine angewahi kufika pale, akachimba, akaokota kipande cha chuma na kuyatawanya makaa, ushahidi ule ungekufa siku ileile. Kitu cha kale kinasema kikiwa mahali pake, pamoja na jirani zake wa ardhini. Kikishang'olewa kinakuwa bubu. Aliyekiuza amepata shilingi chache, na Taifa limepoteza ukurasa wa historia ambao hauwezi kuandikwa tena.

Nasi wa upande huu tunao urithi wetu. Warongo wa Buzinza, katika maeneo ya Geita na Sengerema, walikuwa wahunzi mashuhuri, na majembe yao yalifika hadi Usukuma. Jembe lilikuwa chombo cha kazi, lilikuwa bidhaa ya biashara, na lilitolewa hata katika mahari. Jembe la kutu unalolikuta leo katika shamba la mihogo huenda lilimleta bibi wa bibi yako katika ukoo wenu. Mwaka 1969 jarida la akiolojia la Azania lilichapisha taarifa ndefu ya uchunguzi wa Mkoa wa Mwanza. Watu wamekaa chini ya miamba hii mikubwa tangu zama za kale sana, na wameacha humo alama zao.

5. Vitu vyetu vimekwenda wapi

Mwaka 1929, karibu na Kampala, upande wa Uganda wa ziwa letu hili, wafungwa wa gereza la Luzira walichimbua kichwa na vipande vya sanamu za udongo za kale sana. Mwaka 1931 kichwa hicho kiliingia British Museum, London. Walioshika jembe walikuwa wafungwa, lakini leo mtoto wa Luzira akitaka kuiona kazi hiyo ya wahenga wake yampasa apande ndege.

Hapa nchini, mwaka 1984, wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kinyago kimoja cha Wamakonde kilichoibwa kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la watu binafsi, mjini Geneva, Uswisi. Kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Kilirudi kwa sababu makumbusho yetu yaliweza kuthibitisha kwamba kilikuwa chake. Kitu kilichochimbwa usiku na kuuzwa kimyakimya hakina uthibitisho wa namna hiyo. Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni. Lakini mkataba hauwezi kukidai kitu ambacho hakuna ajuaye kwamba kiliwahi kuwepo.

6. Haki ya yule aliyeona

Hadi hapa nimesema juu ya wajibu wa mwananchi. Kamati ya Haki na Amani haiwezi kuishia hapo. Haki ina pande mbili.

Mkulima maskini anayeambiwa atoe taarifa anajiuliza maswali ya kweli. Je, nitachukuliwa kama mhalifu? Je, shamba langu litafungwa na mahindi yangu yawe bado machanga? Je, kitu kikishachukuliwa kwenda mjini, jina langu litatajwa? Mchimbaji wa dhahabu ana soko la wazi. Mwenye kuona chungu cha kale haoni mbele yake ila ofisi asiyoijua na dalali anayemjua. Tusishangae akimchagua dalali. Tushughulike ili asilazimike kumchagua.

Nchi nyingine zimepitia njia hii. Mwezi Februari 1980, kule Ireland, baba na mwanawe wakiwa na mashine ya kutambua metali walichimbua kalisi na patena za fedha mahali palipokuwa na monasteri ya kale iitwayo Derrynaflan. Vyombo hivyo vya Misa vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Ikazuka kesi. Mwaka 1987 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua kwamba vitu hivyo ni vya Taifa. Lakini iliamua pia kwamba walioviona walistahili zawadi, kwa kuwa walikuwa wameahidiwa kutendewa kwa heshima. Mwaka huohuo Ireland ilitunga sheria ya kukataza kutafuta vitu vya kale kwa mashine hizo bila kibali. Uingereza ilichagua njia tofauti kwa sheria yake ya hazina ya mwaka 1996: aliyeona hutoa taarifa, na makumbusho yakikichukua kitu, thamani yake hukadiriwa na kwa kawaida hugawanywa kati yake na mwenye shamba.

Sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba nchi hizo zimekiri jambo moja: uaminifu wa aliyeona una thamani, na dola yapaswa kuuheshimu. Hilo ni jambo ambalo sisi walei na mapadre tunaweza kuliomba kwa adabu na kwa uwazi kwa wabunge na madiwani wetu. Aliyetoa taarifa apewe hati ya mapokezi. Jina lake liandikwe pamoja na la kijiji chake. Akipata hasara ya mazao, afidiwe. Na pale inapowezekana, kitu kibaki karibu na mahali kilipozaliwa. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika pamoja na Wasukuma wenyewe, yanatuonyesha kwamba vitu vya wahenga vinaweza kutunzwa kwa heshima papa hapa kwetu, na watoto wetu wakavifikia kwa miguu.

7. Tuanzie nyumbani kwetu

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tutazame sakristia zetu. Kageye, katika Wilaya ya Magu, ndipo Wamisionari wa Afrika walipopumzika kabla ya kuvuka ziwa kwenda Buganda mwaka 1879. Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883. Miaka hiyo ni ya baada ya 1863, kwa hiyo kalisi, kengele, misalaba na vitabu vya ubatizo vya zama hizo havimo katika mstari wa kawaida wa sheria ya vitu vya kale. Je, vimekosa mlinzi? La. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1283, inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa waandike orodha kamili ya vitu vya thamani na vya urithi wa utamaduni. Nayo kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Parokia isiyo na daftari haina sauti ya kumkemea mwenye mashine.

Basi nawaombeni mambo manne. Kwanza, kila parokia iwe na orodha hiyo, na nakala yake ihifadhiwe jimboni. Pili, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawafundishe watu kwamba atakayekuta kitu cha kale asikisogeze, asikisafishe wala asikivunje kuona kilichomo ndani. Aweke alama mahali pale, akatoe taarifa kwa Serikali ya Kijiji, kisha kwa Afisa Utamaduni au Mkuu wa Wilaya, ili habari ifike Wizara ya Maliasili na Utalii. Kiongozi wa Jumuiya afuatane naye, maana maskini akienda peke yake ofisini huogopa. Tatu, tukemee wazi ufukuaji wa makaburi na udanganyifu wa michango ya mali ya Mjerumani, hata kama mdanganyifu ni Mkristo mwenzetu. Nne, tuwaketishe wazee na vijana pamoja, simulizi za mahali ziandikwe. Kule Katuruka, mtaalamu aliongozwa na maneno ya wazee.

Ndugu zangu, mali ya dunia Mungu aliikusudia kwa watu wote, na katika hao wote wamo waliokufa waliotuachia, pamoja na watakaozaliwa ambao watatuuliza. Kitu cha kale si cha aliyekiona peke yake, wala si cha afisa aliyekipokea. Ni cha jamii nzima. Na jamii inayodai mali yake kwa haki imtendee haki kwanza yule maskini aliyekiinua kutoka mavumbini bila kukificha.

 

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika kijiji chetu kuna mahali pa kale, makaburi au majengo ambayo yameharibiwa na watafuta mali? Nani alinufaika, na nani alipata hasara?

2. Mtu wa Jumuiya yetu akikuta leo vyungu vya kale shambani mwake, anajua aende wapi? Nani kati yetu atafuatana naye?

3. Ni mambo gani yanayomfanya maskini amwamini dalali kuliko ofisi? Tunaweza kuwaomba nini viongozi wetu ili hali hiyo ibadilike?

4. Parokia yetu ina daftari la vitu vyake vya kale? Lilikaguliwa lini mara ya mwisho?